Moyo Husukuma Unacholetewa

Mwanangu,

Marahaba. Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na afadhali ilivyokatika, maana jibu lililokuwa mdomoni mwangu lilikuwa kali. Ulilalamika kwamba wanafunzi uliopewa uwasimamie maabara wanakumalizia muda, kwamba jaribio wanalolihangaikia wiki mbili wewe ungelimaliza asubuhi moja. Sibishi, ungelimaliza.

Usiku ule nikakishusha kitabu cha Guyton, kile kinene ulichokuwa ukikikalia utotoni ili ufikie meza. Mimi nimekisomea fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, nikaja kukifundishia. Wewe ulikisoma kwa ajili ya mitihani. Sidhani kama uliwahi kujiuliza mwandishi wake alikuwa mtu wa namna gani.

Arthur Guyton alizaliwa 1919 mjini Oxford, jimbo la Mississippi, Marekani. Baba yake alikuwa daktari wa macho, mama yake aliwahi kufundisha hesabu na fizikia. Yeye alitaka kuwa mpasuaji, na mafunzo yalikuwa yanaelekea ukingoni huko Boston mwaka 1946 polio ilipomkamata. Ilimwachia ulemavu wa mguu na mabega. Mpasuaji asiyeweza kuinua mikono atapasua nini? Katika kipindi cha kuuguzwa akabuni kiti cha magurudumu cha mota kinachoongozwa kwa kijiti kidogo, na mashine ya kumnyanyua mgonjwa. Kisha akarudi kwao kufundisha fiziolojia. Kuanzia 1948 hadi 1989 aliongoza idara ya fiziolojia ya huko, iliyohamia Jackson, mji mkuu wa jimbo, mwaka 1955.

Sasa tukae hapa kidogo. Wengi waliutazama moyo kama mfalme: ukiamua kupiga kwa nguvu, damu hujaa mwilini, ukilegea, mwili hukosa. Guyton akageukia upande wa pili, kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, akauliza: damu inarudi kiasi gani? Ukikimbia, misuli hufungua mishipa yake yenyewe kwa kadiri ya oksijeni inayoitaka. Damu hupita kwa wingi, hurudi kwa wingi, na moyo wenye afya husukuma unacholetewa. Alifanya majaribio kwa mbwa, pampu ikishika kazi ya upande wa kulia wa moyo, kisha kasi ikaongezwa. Mtu angedhani damu itazidi kutiririka bila kikomo. Wapi! Vena zinapoingia kifuani zilinywea. Chukua mrija laini, uutie kwenye uji mzito, uvute kwa nguvu zako zote: mrija unajibana wenyewe, nawe unabaki na mashavu yaliyobonyea. Kuvuta zaidi hakukuongezei tone.

Baadaye akashikilia kwamba figo ndizo zenye neno la mwisho kuhusu shinikizo la damu la muda mrefu, jambo lililozusha ubishi mwingi. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha mchoro wa mzunguko mzima wa damu, mamia ya milinganyo yaliyounganishwa na kukokotolewa kwa kompyuta. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni ramani ya nyaya za umeme za jengo la ghorofa.

Mimi huwaza kwamba mtu ambaye mabega yake hayamtii hujifunza mapema kuiachia mikono ya wengine kazi. Labda nakosea, lakini tazama: watafiti zaidi ya 150 walifundwa naye, wasiopungua 29 wakaja kuongoza idara zao wenyewe, na sita wakawa marais wa Chama cha Fiziolojia cha Marekani. Yeye na mkewe Ruth walipata watoto kumi, na wote wakawa madaktari. Watu hulitaja hilo kwa mshangao, nami hulichoka kidogo. Kwani mmoja angekuwa fundi bomba kungekuwa na ubaya gani? Kinachonigusa ni kwamba watoto wale walijenga pamoja na baba yao: nyumba waliyoishi, bwawa la kuogelea, uwanja wa tenisi wa zege, mashua za tanga. Baba ana ulemavu, watoto wana makoleo. Hebu fikiria zege ya siku ya kwanza ilivyomwagwa.

Hapo ndipo nilipoona aibu, mwanangu. Unaikumbuka ile feni? Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umeshaifungua skrubu mbili, ya tatu ikawa inakuzungukia bure kwa sababu bisibisi ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Nikakunyang'anya. "Lete hapa, utaiharibu." Nikaimaliza kwa dakika tano, na wewe ukasimama unanitazama, kisha ukaondoka kimya kimya. Feni ilizunguka vizuri tu. Wewe hukugusa tena bisibisi mbele yangu. Na juzi kwenye simu nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, neno kwa neno.

Feni bado ipo, na imeanza kulia upya. Ukija likizo utaifungua wewe. Nimeshanunua bisibisi ndogo. Mimi nitakaa pembeni na kikombe changu, nikishindwa kunyamaza nitatoka nje.

Wale wanafunzi, niandikie jaribio lao limefika wapi. Wao walivyolifanya, si wewe ambavyo ungelifanya.

Mama yako