Gari za umeme zinahitaji soketi pale tunapongojea wageni

Ndugu Mhariri,

Kila jioni nikiegesha gari yangu barazani lazima atokee mtu kuniuliza: "Chaji ikikukatikia Kinyasini, utasukuma?" Huu mwaka wa pili naulizwa swali hilo hilo, na jawabu yangu ni kuwa Kinyasini haijanikatikia. Kinachonitesa ni Nungwi, huko ncha ya kaskazini, na si barabarani, bali pale ninapokwisha fika.

Mimi ni dereva wa teksi hapa mjini Unguja, nabeba wageni. Gari yangu ni Nissan Leaf ya zamani, mkono wa pili kutoka Japani, yenye ile betri ndogo ya kilowati-saa 24. Kwenye dashibodi mna vibanzi vinavyoonyesha uzima wa betri. Ikiwa mpya huwa 12, yangu imebaki na 9. Miaka imeila, na joto letu nalo limesaidia, maana betri za gari hizi hazina kipoza. Zinapoa kwa hewa tu, kama sufuria iliyoepuliwa. Kwa hivyo nikiijaza usiku, asubuhi natoka na kilomita 100, na nisipokanyaga sana napata mia na ushei.

Kwa mjini hainipi shida yoyote. Uwanja wa ndege, Forodhani, Mwanakwerekwe, Bububu, rudi Malindi, kutwa nzima sifiki kilomita 70. Foleni ya Darajani inayowachomea mafuta wenzangu, kwangu mimi ni kupumzika: gari ikisimama mota nayo imesimama, ni kile kiyoyozi tu kinacholamba kidogo. ZURA, wale wadhibiti wa nishati Zanzibar, wakitangaza bei za mafuta za mwezi, wenzangu wanakuna vichwa, mimi naangalia Tukuza yangu, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti ngapi. Uniti moja, yaani kilowati-saa moja, inanipeleka kama kilomita 7. Oili simwagi kabisa.

Sasa njoo safari za shamba, nje ya mji. Mjini mpaka Nungwi haizidi kilomita 60. Kwenda nafika na akiba, lakini kurudi hesabu inakataa. Kizimkazi kwenye pomboo ni vivyo hivyo, naponea chupuchupu. Dawa ipo, tena iko palepale. Mgeni akishuka pwani harudi garini mpaka yapite masaa matatu au manne. Muda wote huo mimi nimelala chini ya mkungu, na gari nayo imelala. Soketi ya kawaida ya ukutani, ampia 10 tu, kwa saa tatu inaniongezea kilomita 40 hivi. Ndizo hizo hizo ninazozihitaji. Mzigo wake hauzidi sana birika la umeme la kuchemshia chai.

Lakini soketi hiyo naiomba kama mwombaji. Siku moja huko Nungwi, nyumba moja ya wageni ilinikubalia nichomeke jikoni kwao, kwa elfu tano. Waya haukufika, wakanipa ekstensheni yao ya kuzungushia, nami nikavuta kiasi cha kufikia gari, uliobaki nikauacha umejiviringa kwenye kigurudumu chake. Baada ya kama saa moja mpishi akatoka anakunja pua. Harufu ya plastiki inayoungua. Plagi imelegea kama nta, na nilipouvuta waya, mizunguko ya ndani ilikuwa imegandana. Kosa langu mimi: waya unaobeba mzigo mkubwa kwa masaa lazima ukunjuliwe wote, ukijiviringa moto wake hauna pa kutokea. Mpishi hakunigombeza, ila tangu siku ile nikipita pale mlango wa jikoni hufungwa.

Kwa hivyo, Mhariri, nawasikia watu wakitamani mitambo mikubwa ya kuchaji kwa nusu saa, kama ya Ulaya. Mimi siitamani, angalau kwa shamba. Mtambo wa namna hiyo ukiwa wa kilowati 50, ni sawa na mabirika 25 yakichemka kwa pamoja, na huko mwisho wa laini jioni umeme ni mdogo hata friji inanguruma. Na betri isiyo na kipoza, ukiijaza kwa haraka wakati wa kaskazi, utavihesabu hivyo vibanzi vinavyoondoka. Ninachoomba kwa halmashauri na kwa wanaosimamia maegesho ni kidogo mno: kwenye viwanja ambako madereva tunasubiri, Nungwi, Paje na Kizimkazi kwa kuanzia, paezekwe kibanda na patiwe soketi nne au tano za ampia 16, waya mzito, swichi ya kujikata, na mita ya Tukuza mbele yake. Anayechaji anunue uniti zake mwenyewe. Bure hatutaki.

Najua kuna watakaonikumbusha mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, yote kwa sababu ya waya mmoja wa baharini kutoka bara mpaka Fumba. Ni kweli, na mimi nilikuwepo nikichota maji kwa ndoo. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Na petroli nayo haichimbwi Chwaka, inakuja kwa meli.

Wenzetu wa Pemba wasisahauliwe. Mwaka jana niliivusha gari kwa meli kwenda kuwatazama mashemeji, na ule msemo wa Pemba peremba, ukenda na joho utarudi na kilemba, niliuona kwenye dashibodi. Nilishuka Mkoani nikiwa na kilomita 90 na kitu, nikafika Konde nimebakiwa na kilemba chenyewe: 14. Vile vilima! Kupanda vinanyonya, na ingawa ukiachia pedali kwenye mteremko mota hugeuka dinamo na kurejesha umeme kwenye betri, haurudi wote uliotoka. Kule soketi moja Chake na moja Wete zingetosha kumtuliza mtu roho. Mimi nililala nimechomeka dirishani kwa shemeji, na asubuhi nikamnunulia uniti 20, akacheka kuwa mgeni gani huyu anakula umeme.

Ile plagi iliyoyeyuka ninayo bado, imo kwenye kidroo cha gari. Kama kuna fundi au mkubwa anayetaka kuiona kabla ya kupanga waya wa kiasi gani upelekwe, mimi baada ya isha huwa nipo barazani, na gari iko mbele yangu.

Dereva wa wageni,
Kwahani, Unguja