Mama, tununue beringi kabla ya mabati

Saskatchewan, Kanada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti ya Baba yametulia na baridi ya Njoro imepungua. Mimi ni mzima. Ngano imekauka, wiki ijayo tunaanza kuvuna.

Nakuandikia kuhusu pesa za mwisho wa mwezi. Najua umezipangia mabati ya ghala. Naomba kwanza zinunue spea za mashine ya kupukuchua mahindi, sasa, kabla hakijaharibika kitu.

Unakumbuka ile beringi, pete ya chuma inayobeba shafti ikizunguka, iliyovunjika tukiwa tumejaza magunia kumi na moja tu? Niliibeba mfukoni hadi Nakuru mjini. Duka la kwanza hawana, la pili hawana, la tatu wamefunga. Kesho yake niliporudi nayo, mvua ilikuwa imeyanyeshea mahindi uani usiku kucha. Uliyaanika, Mama, ukayageuza kwa mikono yako siku baada ya siku, na bado yakaota kuvu. Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo yahifadhiwe, na kuvu ikishaingia, aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, huioni kwa macho. Tuliyamwaga. Kitu cha ukubwa wa bangili kilitunyima chakula cha mwaka, na mpaka leo kinaniuma.

Mzee ninayemfanyia kazi huku yuko mbali na duka lolote, kwa hiyo ana rafu ukuta mzima. Akichukua beringi moja, siku hiyohiyo anaandika ubaoni inunuliwe nyingine. Sisi hatuhitaji rafu, sanduku moja la mbao linatosha.

Mwambie mdogo wangu asome namba iliyochongwa kwenye pete ya beringi. Ikiwa ni 6206, zile tarakimu mbili za mwisho azizidishe kwa tano: tundu lake ni milimita 30. Atafute yenye 2RS mwishoni, ina mpira pande zote mbili, vumbi la magunzi haliingii kwa urahisi. Asiifungue karatasi yake mpaka siku ya kuifunga, maana jasho la vidole huleta kutu. Mikanda anunue miwili, kwa kuwa inayozunguka pamoja hubadilishwa pamoja. Mpya ukikaa na uliolegea, huo mpya ndio utabeba mzigo wote. Tafadhali asiitundike kwenye msumari chini ya mabati. Joto hukausha mpira.

Halafu ule mkebe wa mafuta ya Kimbo ambamo Baba huweka bolti zake. Namheshimu sana Baba, lakini bolti ya kukatika kwenye shafti isitoke humo. Imewekwa ili ikatike yenyewe mashine ikikwama. Tukifunga iliyo ngumu kuliko ile ya kwanza, haitakatika, itavunjika giaboksi.

Trekta inahitaji filta mbili za dizeli, moja ya oili, na fanbelti. Injini ya trekta yetu, Massey Ferguson 240, ni Perkins AD3.152 ya silinda tatu, sawa na ya Massey 135, kwa hiyo spea nyingi za injini huingiliana. Tukielewana na jirani mwenye 135, tutaazimana.

Mdogo wangu apige picha za namba zote anitumie kabla ya Jumapili, nami nitatuma pesa Jumatatu. Ya mabati nitatuma Oktoba.

Msalimie Baba, na shangazi pia.

Mwanao