Msichana anavuja damu, nyie mnamuuliza nani kamtoa

Ndugu Mhariri,

Ile mada ya kutoa mimba mliyoiweka wiki iliyopita imewasha moto huku mtaani, kila mtu kawa shehe, kila mtu kawa mchungaji. Na mimi nisijifiche, dini yangu inakataza na naona ni dhambi. Ila nauza duka la dawa hapa Morogoro na kuna mambo naona wabishaji hawayajui.

Wengi wanataka sheria ibane. Jamani si ilishabana kitambo! Kanuni ya Adhabu kifungu cha 150 anayemtoa mtu mimba miaka 14, cha 151 mwanamke mwenyewe 7, cha 152 anayetoa dawa au kifaa huku akijua ni cha kazi hiyo 3. Na bado utafiti ulikadiria mwaka 2013 peke yake mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania. Hao ni dada zetu, wengine kwaya wanaimba.

Dukani kwangu wanaokuja kuulizia mara nyingi ni wanaume. Anakuja usiku nakaribia kufunga, kofia imeshuka mpaka puani, anazunguka weee, mara panadol bei gani, mara dawa ya mafua, wenzake wakishaondoka ndo anainama dirishani "sista, miso unayo?" Hiyo misoprostol inatumika kuzuia mama aliyejifungua asivuje damu, imeokoa wengi tu. Nikimwambia bila cheti cha daktari siuzi anasonya anaondoka, na huko anakoenda atauziwa vidonge bila maelezo, mimba ina miezi mingapi hakuna anayejali. Na wasio na hela ndo hao wanaokunywa majivu, bluu ya kufulia na majani ya chai yaliyokolezwa.

Sasa kinachonikera mimi ni hiki, msichana mambo yakiharibika anajifungia ndani anavuja tu, hospitali anaiogopa kwa sababu anajua kabla hata hajapanda kitandani ataulizwa nani kakutoa, na atatishiwa polisi. Wakati kumtibu ambaye mimba imeharibika, iwe imetoka yenyewe iwe kaitoa, wala siyo kosa kisheria, serikali yenyewe inafundisha wahudumu kufanya hivyo! Kusafishwa kizazi siyo kuchoropoa mimba. Nesi asimamishe damu kwanza, upelelezi siyo kazi yake. Na aliyempa mimba mbona hamumuulizi? Kama binti ni mwanafunzi, sheria ya 2016 inampa huyo jamaa miaka 30, lakini yeye yuko kijiweni anakula kahawa.

Halafu kuna aliyebakwa. Itifaki ya Maputo, ule mkataba wa Afrika wa haki za wanawake tuliouridhia 2007, inamtaja wazi kuwa aruhusiwe kutoa, sheria zetu za ndani kimya. Mtoto aliyepewa mimba na baba yake mzazi mimi sina ubavu wa kumhubiria, wenye ubavu huo waende wao wakamwambie.

Ombi langu dogo tu mhariri, mtafute mwanasheria atuelezee kifungu cha 230, kile kinachomlinda daktari akifanya upasuaji kuokoa maisha ya mama, kinamlinda mpaka wapi hasa? Maana kila daktari ninayemuuliza ananipa jibu lake, na mwingine anaangalia mlango kwanza.

Muuza dawa,
Morogoro