Mjomba, mikorosho wape wanao

Hamburg, Ujerumani
Mwezi wa sita

Mjomba, shikamoo. Na mkaza mjomba umfikishie shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Najua sasa hivi mnapuliza salfa ugonjwa wa ubwiri unga usile maua, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lile uliloniambia kwenye simu.

Ulisema mikorosho ya huko Kitangari, Mtwara, ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa dada yako. Usiku ule sikulala. Niliwafikiria wanao.

Siidharau mila, Mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na marehemu baba alihamia kwa kina mama akilijua hilo. Wewe ndiye uliyenitia jando, ukanilipia ada ya sekondari kwa hela ya msimu huku mwanao wa kwanza akisubiri. Hilo sijalisahau, na naamini na yeye hajalisahau.

Lakini mila ile ilikuta mashamba ya namna nyingine. Bibi alilima mtama na mihogo. Ardhi ikichoka, watu wanafyeka pori jipya, hakuna cha kugombania. Mkorosho hauhami. Ukiuotesha unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kisha unakaa miaka na miaka. Mkaza mjomba ameokota korosho chini ya miti ile tangu mimi nikiwa darasa la pili. Wanao wamebeba bomba la salfa mgongoni hadi macho yakawavimba. Mimi tangu niondoke sijapalilia hata mti mmoja. Siku ukifumba macho, nitoke Hamburg nije kuwaambia wapishe?

Halafu kuna suala la makaratasi. Tangu uje mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho zikauzwa kupitia chama cha msingi, hela inaingia kwenye akaunti, na jina lililoko chamani ni lako peke yako. Mkaza mjomba hana hata karatasi moja. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uulizie hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na hati inaweza kuandikwa majina yenu wawili. Gharama nitabeba mimi.

Usiseme Uzungu umeniingia. Huku bila wosia mpwa hana urithi penye mtoto, na mtoto hata akiachwa nje ya wosia sheria humpa fungu lake. Na bado kwenye nyumba ya wazee ninayofanya kazi nawalisha wazee wenye watoto wazima ambao Jumapili hawaji. Mzee mmoja aliniambia zamani Wajerumani walikuwa na neno lao la kaka wa mama, Oheim. Siku hizi huyo na ndugu wa baba wote ni Onkel. Niliumia, Mjomba, kama nimeambiwa kuna msiba.

Nilimfikiria mwanangu. Wakwe zangu wa Kilimanjaro wanasema mtoto ni wa baba. Kwetu ni wa mama. Huyu wangu kila upande unamsukumia upande wa pili. Basi nikampigia simu shemeji yangu aliyeko Moshi, nikamweleza kwetu mjomba ana kazi gani: kumjua mtoto, kumuonya, kumsimamia siku ya kuoa. Alinisikiliza kimya. Sasa kila Jumamosi anapiga simu, na mwanangu anakaa karibu na simu kumsubiri mjomba wake.

Hicho ndicho ninachotaka nirithi kwako. Mikorosho wape wanao na mama yao, mimi niachie ujomba, niwasimamie watoto wa dada zangu kama ulivyonisimamia.

Nitakuja Desemba, korosho zikiwa zinaendelea kwenda mnadani. Waite wazee wa ukoo, ulitamke hilo mbele yao nami nikubali kwa mdomo wangu, asije mtu kesho akalidai shamba kwa jina langu. Mama sijamwambia. Najua litamchoma, maana kwake ni kama unauondoa ukoo wake shambani. Anza kumwambia wewe, taratibu, wewe ni kaka yake.

Hela ya vibarua wa kupuliza nimeituma kwenye simu ya mkaza mjomba.

Mpwa wako