Lile boya limetikisika, Mwalimu

Mji wa Kale, Mombasa
Julai

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana, na kila nikitaja jina lako huuliza kama umeshapata mke wa kukupikia. Upepo wa Kusi umeshika sawasawa. Usiku nikilala nasikia milango ya jirani ikigonga, na asubuhi ukishuka Bandari ya Kale utaona mawimbi mafupi yakipasukia ngazini kama miaka ile yetu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza kwamba huko Marekani kuna Kombe la Skauti wa Bahari lenye jina la William Koch, yule aliyetwaa America's Cup, lile kombe kubwa la mashua za tanga, mwaka 1992 pale San Diego kwa kuwashinda Waitaliano, na kwamba kila baada ya miaka miwili vijana wa nchi mbalimbali hukutana kushindana kwa mashua ndogo za tanga, wawili wawili. Mwisho ukaniuliza swali moja tu: "Wetu wataweza?"

Swali hilo nimekaa nalo wiki mbili. Ningekujibu siku ileile ningesema ndiyo, kwa sababu ya mapenzi. Lakini nilitaka nikujibu kwa nililoliona kwa macho.

Unakumbuka tulipokwenda Nyeri na kikosi, tukasimama mbele ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, tukaonyeshwa ile duara yenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani"? Hakuna aliyetuambia siku ile kwamba skauti wana tawi la bahari, na kwamba kakake mzee yule, Warington, aliwaandikia vijana kitabu kizima cha ubaharia mwaka 1912. Tukafundishwa kuwasha moto na kusimamisha hema, sisi watoto wa pwani, na maji yako hatua mia mbili kutoka mlangoni. Bahari tukajifunzia kwa wizi, katika mashua ya watu, bila jaketi, hadi siku ile ilipotupindukia karibu na Mkomani na wavuvi wakatuvuta kwa makasia. Mimi bado naota yale maji. Ndiyo sababu nilipopewa kikosi hiki, jambo la kwanza nililolitafuta lilikuwa jaketi za kuelea, kabla sijatafuta mashua.

Jaketi sasa ziko kumi. Mashua tunaazima nne, kila Jumapili, zile ziitwazo 420 kwa kuwa urefu wake ni mita 4.20. Ni kuukuu, matanga yamepigwa viraka, lakini zinakwenda. Mmoja anashika usukani na tanga kubwa, mwenziwe tanga dogo la mbele, na upepo ukizidi huyu wa pili hujifunga kwenye waya unaotoka mlingotini akaning'inia nje ya mashua, miguu ukingoni, mgongo juu ya maji, ili kuizuia isilale. Wallahi ungewaona! Mtoto wa miaka kumi na tano amelala hewani juu ya maji ya Tudor, anacheka.

Sasa nikueleze jambo lililotutesa miezi mitatu, maana wewe utalielewa kuliko mtu yeyote. Unajua jahazi linavyogeuka likiwa linabisha, yaani likienda mshazari mshazari kinyume cha upepo. Nahodha haliingizi omo, ile sehemu ya mbele, kwenye upepo, kwa sababu foromali, ule mti unaobeba tanga, ni nzito na tanga sharti lizungushwe mbele ya mlingoti. Hulipisha tezi, yaani nyuma yake, kwenye upepo, likazunguka kwa nyuma mzunguko mpana, mabaharia wakahamisha tanga na kamba yake, ndipo likashika njia upya. Hizi 420 ni kinyume chake. Unausukuma mkono wa usukani, omo inakata upepo, tanga linavuka lenyewe juu ya vichwa vyenu, na kabla hujavuta pumzi ya pili uko upande mwingine.

Mchukue basi mtoto aliyeshika usukani wa mashua ya babake tangu ana miaka minane. Nina msichana wa namna hiyo, wa miaka kumi na sita, ukoo wa wavuvi. Hakuna kikosini anayeijua bahari kama yeye. Lakini kila tulipobisha, mkono wake ulivuta usukani pale ambapo ulitakiwa kusukuma, mashua ikazunguka kwa tezi, na wenzake wa mjini ambao juzi tu hawakujua goshi ni nini wakampita. Akawa analia kwa hasira. Nikamkuta siku moja amekaa ngazini peke yake ameshika kijiti cha ufagio, anasukuma, anasukuma, macho ameyafumba. Sikumsemesha, nikapita.

Maneno nayo tuliyatafuta. Kanuni za mashindano nilizipata kwa Kiingereza, na nilipozisoma kwa sauti niliona watoto wananitazama kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Nikamwendea mzee mmoja nahodha mstaafu, akaketi nasi barazani jioni nne. Upande upepo unakotokea ni goshini, upande wa pili ni demani. Kanuni ya kwanza ikawa fupi: unayepokea upepo kwa mkono wa kulia una haki, wa kushoto akupishe. Ya pili: mkiwa nyote mnapokea upepo upande mmoja, aliye goshini humpisha aliye demani. Siku ile ndiyo niliyowaona wameelewa. Mzee mwenyewe alishangaa kwamba Wazungu wameandika kitabu kizima juu ya mambo ambayo yeye na wenziwe waliyamaliza kwa kupigiana kelele.

Lakini kuna kanuni iliyomnyamazisha. Katika mbio hizi kwa kawaida hakuna refa anayekufuata na filimbi. Ukimkosea mwenzio njia, unajitenga mwenyewe, unaizungusha mashua mizunguko miwili, ndipo unaendelea. Ukiligusa boya la kuzungukia, mzunguko mmoja. Ukinyamaza, na aliyekuona akakulalamikia baadaye ufuoni, unafutwa. Ikiwa hakuna aliyekuona, ni wewe na nafsi yako. Mzee akaniuliza, "Na watoto wanafanya?" Nikamwambia tutaona.

Jumapili iliyopita tulimaliza mbio sita za kuchagua watakaokwenda, iwapo safari itapatikana. Hesabu unaijua? Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kabla ya mbio ya sita jozi mbili zilikuwa sawasawa: vijana wawili wa Majengo, na yule msichana na mwenziwe.

Mbio ilianzishwa ndani, upande wa Tudor, ili wabishe kuelekea mlangoni mwa hori, pale mkono huu wa bahari unapoanzia, kwa kuwa Kusi inaingia kutoka baharini. Maji yalikuwa yanajaa, na yalikuwa ya bamvua, yale makubwa, kwa hiyo upepo na mkondo vyote vilikuwa vinawarudisha. Dakika tano kabla ya kuanza bendera ikapanda. Wakawa wanazunguka nyuma ya mstari kama papa. Ilipobaki dakika moja nilishindwa hata kutazama saa. Wakaondoka.

Hapo ndipo ukoo ulipomfaa. Wengine walikwenda katikati, penye upepo mwingi, na mkondo ukawashika pale pale, matanga yamejaa na mashua haziendi. Yeye alibana ukingo wa Mji wa Kale, karibu na kuta kiasi cha watu wa madirishani kumwita, maana kando maji huenda polepole. Alibisha vipande vifupi vifupi, na kila mara mkono ulisukuma. Sikuhesabu mara ngapi, lakini haukukosea hata mara moja. Vijana wa Majengo, nao si wajinga, wakaligundua hilo na kumfuata. Katika mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, wao nyuma yake kwa urefu wa mashua kumi hivi, jozi ya tatu nyuma yao kidogo.

Mimi sikuona lililofuata. Mashua ya nne ilikuwa imepinduka, nami nilikuwa na boti ya mashine pembeni yake, nawatazama wale wawili wakisimama juu ya ubao wa chini ili waiinue. Nilipogeuka, nilimwona msichana wangu amefika kwenye boya la juu, upande unakotokea upepo, na badala ya kushuka na upepo, anazunguka. Duara nzima. Matanga yanapiga makofi, mkondo unamrudisha, na vijana wanampita, na wale wa tatu wanampita. Nikadhani usukani umekatika. Ngazini watu walikuwa wakipiga kelele, kaka yake akiwa wa kwanza: "Unafanya nini wewe!"

Akamaliza wa tatu. Mbio ikaisha, na hesabu nayo ikaisha.

Nilimfuata akiwa bado anakunja tanga. Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema, "Lile boya limetikisika, Mwalimu." Basi. Mkondo ulikuwa umemrudisha juu yake alipokuwa anajaribu kulipita kwa kubana, na ubavu ukaligusa. Nikamuuliza nani aliyeona. Akanitazama kama mtu asiyelielewa swali, akamwashiria mwenziwe: "Sisi."

Sahibu yangu, nimeishi na ile kanuni ya kwanza ya skauti tangu nina miaka kumi na mmoja, heshima ya skauti ni kuaminiwa, na nimewatamkisha watoto mamia. Jumapili ile nilikwenda nyuma ya ghala la makasia nikalia.

Sasa huku kuna mzozo, na nakuandikia ili unisaidie. Wazazi kadhaa na mlezi mwenzangu wanasema apelekwe yeye, kwa kuwa ameonyesha uskauti wa kweli. Mimi nimekataa. Vijana wa Majengo wameshinda kwa haki, hawakumwibia mtu, na wao ndio waliokwenda kumpa mkono kabla ya wengine. Nikiwanyima, nitakuwa nimeichafua hesabu ambayo yeye ameikubali kwa mzunguko wake. Yeye mwenyewe nilipomsikilizisha hoja za watu wazima alisema, "Wameshinda wao, Mwalimu, pointi si zinaonekana?" Kwa hiyo wale wawili ndio jozi ya kwanza, na hilo limekwisha.

Ninachokuomba ni hiki. Waulize waandalizi wa kombe kama kikosi kimoja chaweza kuleta jozi mbili. Ikiwezekana, nataka niwalete wote wanne. Nimekwisha kwenda kwa mamake msichana. Alinikaribisha, akanitilia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sharti ni moja: awepo mama wa kuandamana naye tangu Mombasa hadi kurudi. Nimempata mwalimu mmoja wa kike, mlezi wa kikosi cha wasichana, mwenye pasipoti na moyo wa safari. Pasipoti za watoto tumeanza kuzifuatilia. Viza ndiyo itakayotukeshesha, na barua ya mwaliko ikija mapema ndivyo kheri.

Uliandika pia kwamba wewe na wenzako mnataka kuchanga mtununulie mashua mpya. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini nakuomba msinunue mashua. Mashua zilizopo zinatosha kufundishia. Tunachokosa ni boti ya pili ya uokoaji. Jumapili ile moja ilikuwa imepinduka na boti yangu iko hapo, na kama nyingine ingepinduka karibu na mlango wa hori, ningemwacha nani? Swali hilo linaniamsha usiku kuliko kombe. Hata injini ndogo iliyotumika itatufaa, boti yenyewe mafundi wa hapa wataipata.

Na kwa swali lako. Bahari wataiweza. Huko pengine upepo utakuwa mwepesi kuliko huu wa kwetu, maji baridi, na watakutana na watoto waliokuwa ndani ya mashua hizi tangu wakiwa na miaka saba au minane. Huenda wakamaliza katikati, huenda nyuma. Nimewaambia hivyo waziwazi nao hawakutetereka. Vijana wa Majengo wanaamka alfajiri siku za shule kufanya mazoezi ya kuanza mbio kwenye nchi kavu, wakikimbia mstari wa chaki mmoja akihesabu sekunde. Majirani wamewazoea.

Nijibu kabla Kusi haijatulia, maana nataka wafanye mbio nyingine sita upepo ukiwa na nguvu. Na katika mzigo wako ujao, ukipata ile tepe ya kuzibia matanga, tia mikanda miwili mitatu. Tuliyonayo imebaki ya viraka viwili, na tanga la yule binti limechanika tena pembeni.

Wako wa tangu utotoni,
Mwalimu wa kikosi