Bakari, betri yako imefia nchi kavu

Ngamiani, Tanga

Kwako ndugu yangu Bakari,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi na watoto hatujambo, joto la kaskazi tu ndilo linalotutesa. Mzigo wako, lile boksi la betri ya taa zenu za kuvulia usiku, utingo wa basi la Pangani kanikabidhi salama, na jioni ile ile nikaufungua.

Taa hazina kosa. Ndani ya boksi nimekuta mafungu matatu ya seli za laptopu, zile za mviringo namba 18650, zimeungwa mfululizo, na bodi ya ulinzi, ile inayokata umeme seli zikishuka au zikijaa mno, hamna. Hamna kabisa, bwana! Aliyekufungia alibana senti. Nimepima: fungu la kwanza volti 3.2, la pili 3.1, la tatu 0.8.

Unataka nilipige hilo la tatu chaji ya nguvu mpaka liamke. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, na seli huamka kweli. Mimi sifanyi. Upande hasi wa seli ni grafiti iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikishuka mno, kuelekea sifuri, shaba ile huanza kuyeyukia kwenye elektroliti, yale majimaji ya ndani ya seli. Ukirudisha chaji shaba nayo hugandia tena, lakini si pale ilipotoka; huota mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha hasi na chanya humo humo ndani. Siku hiyo hutaona taa ikififia, utaona moshi, nanyi mko maji makuu.

Unasema hujawahi kuimaliza baharini. Nakuamini nusu. Mafungu hayaishi sawasawa: mita inasoma jumla volti 9, wewe unadhani kila moja limebaki na 3, kumbe mawili yako 3.5 na moja liko 2. Ila mauaji yenyewe yametokea ufukweni. Giza likiisha, mbalamwezi ikaanza, mnapandisha boti na betri inatupwa ghalani ikiwa na chaji kidogo tu iliyobaki. Seli hujipoteza chaji zenyewe polepole, joto la bati linazidisha, na swichi yako nimeikuta inanyonya hata ikiwa imezimwa. Mkirudi kazini giza linalofuata, fungu dhaifu limeshazama.

Kilichonitisha zaidi ni chaja. Hiyo ni ya betri ya gari, inapanda mpaka volti 14.4. Gawa kwa tatu: 4.8 kila fungu, wakati mwisho wake ni 4.2! Wakati wa kuchaji, lithiamu huhama kutoka upande chanya ikajipenyeza ndani ya grafiti. Gati likijaa, vyombo vinavyochelewa hutia nanga nje. Lithiamu nayo hubaki juu ya grafiti ikiwa metali tupu, na sehemu yake hairudi tena kazini. Huko upande chanya, ukikamuliwa mno, oksaidi ya kobalti huvunjika na kutoa oksijeni, na elektroliti ni kitu cha kuwaka. Moto wenye hewa yake ndani utaufunika na nini?

Betri ya simu ingekuonya kwa kuvimba. Hizi zina kopo la chuma, hazivimbi. Mbili nimezikuta zimekatika kimya, maana chini ya kifuniko mna kidude kinachokata umeme gesi ikisukuma. Zilizobaki zikawa zinabeba mzigo wa wenzao.

Kwa hiyo hizi tuziache. Nataka nikufungie seli nne za lithiamu ya chuma na fosfati, volti 3.2 kila moja, zikijaa zote pamoja 14.6. Boksi litakuwa zito zaidi, lakini zinavumilia joto kuliko hizo. Bodi nitaweka, na chaja yake nitanunua; hapo usinibishie bei. Mkipumzika kupisha mwezi, iache na nusu ya chaji, chomoa waya zote, iweke chumbani penye kivuli. Usiijaze pomoni ndipo uihifadhi, maana kukaa imejaa kwenye joto nako kunaizeesha.

Zile mbovu ziko kwangu kwenye ndoo ya mchanga, usinidai. Nitumie ujumbe taa unazofunga ni ngapi, za wati ngapi, na mnaziwasha saa ngapi kwa usiku, maana bila hesabu hiyo sijui ninunue seli za ukubwa gani. Mama mkubwa msalimie sana.

Wako,
Rajabu