Unataka logo ya lugha yako ya kwantamu? Achana na atomu kwanza

Wadau, siku hizi hapa ofisini kwetu Kirumba, Mwanza, katikati ya mabango ya maduka na stika za daladala, wanaingia vijana wa programu wanaotengeneza lugha za kuandikia programu za kompyuta za kwantamu (zile zinazofanya kazi kwa kanuni za chembe ndogo kama atomu) na karibu wote wanakuja na wazo moja, atomu yenye viduara vinavyozunguka. Hiyo React, ile zana maarufu ya kutengenezea kurasa za wavuti, wanayo toka 2013, developa akiiona kwenye tabo ya brauza anawaza React, wewe hata hakukumbuki.

Na ile zambarau ya kung'aa wanayoitaka jamani, kwenye skrini inapendeza balaa ila wino hauna mwanga, kwenye tisheti inatoka imefifia afu tunaanza kugombana bure.

Sisi tunaanzia kwenye alama ambazo watu wa fani wenyewe wanaziandika kila siku. Mwanafizikia Paul Dirac mwaka 1939 alileta uandishi wa kistari cha kusimama, jina la hali ya kwantamu, afu bano lenye ncha upande wa kulia: |0⟩, |1⟩. Kwa mbunifu hiyo ni zawadi, maana mistari ni michache na hata ukiipunguza mpaka pikseli 16 kwa 16, ile saizi ya kwenye tabo, bado inasomeka. Ila katikati usiache tupu, kwa sababu |> kwenye F# na Elixir, lugha nyingine za programu, ni alama ya kupitisha thamani kwenda kwenye fankisheni, na ukiijaza rangi inakuwa kitufe cha kuchezea muziki. Weka herufi ya lugha yako humo ndani.

Mteja mmoja wa Nyegezi aling'ang'ania alama ya geti la CNOT, hatua ya kwantamu ambapo biti moja inaamua kama nyingine igeuzwe, yaani nukta mstari wa juu, duara lenye msalaba mstari wa chini, vimeungwa. Kwenye bango ni nzuri kweli. Tukamprintia stika ya sentimita moja, akaibandika mwenyewe kwenye laptopu yake, akaangalia wee, akasema "hii mbona kama doa."

Utapata faili la SVG (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), toleo la rangi moja, na toleo la bakgraundi nyeusi maana developa wengi ndo wanakoshinda. Fonti tunachagua ambayo sifuri na O hazifanani.

Ukija, njoo na mistari michache ya kodi ya lugha yako, hata kama haijakamilika. Na jina muwe mmeshakubaliana, mkilibadilisha katikati tunaanza upya na advansi hairudi.